Umbali wa Kusimamisha Lori

Barabara ya mbele ya shule yetu, kati ya Kiamaiko na Kariobangi, ilinuka mbuzi asubuhi na raba iliyoungua alasiri. Malori yalileta mbuzi sokoni polepole, yakarudi matupu yakikimbia kama yanafukuzwa. Nilikuwa kidato cha pili, muhula wa mvua, lori moja lilipomgonga Halima, rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Hakufa, lakini mguu wake wa kushoto ulipondeka goti, na haujakunjika tena hadi leo. Dereva alishuka, akatazama alama nyeusi za matairi zilizompita Halima na kuendelea mbele, kisha akawaambia watu waliomzunguka, "Mnanionea bure. Nilizidisha mwendo kidogo tu."

Maneno hayo mawili, "kidogo tu", ndiyo yaliyomkasirisha Mwalimu Nekesa, aliyetufundisha fizikia. Wiki iliyofuata alitutoa darasani, akaleta baiskeli yake uwanjani na kuchora mstari kwa chokaa. Mmoja wetu aliendesha taratibu, akakaza breki mstarini. Tukatia alama aliposimama. Kisha akarudia kwa kasi maradufu. Tulidhani atateleza umbali maradufu. Alitupita sote, akasimama karibu na ua.

"Ticha, hiyo ni mbali sana!" nilipiga kelele.

"Ni mara nne," alisema Mwalimu. "Kasi ikiwa maradufu, nishati ya mwendo huwa mara nne. Ili gari lisimame, nishati yote hiyo lazima iondolewe, na kinachoiondoa ni kazi ya msuguano wa matairi: kani mara umbali. Kani ni ileile, barabara ni ileile. Kwa hiyo kinachobaki kuongezeka ni nini?"

"Umbali," tulijibu.

"Na katika umbali huo alikuwa nani?"

Niligeuka kuitazama barabara. Nilikuwa nimekariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani, wala sikujua kwamba ilimhusu Halima.

Mwalimu alimwalika afisa wa barabara aje aone. Alikuja, akaitazama baiskeli yetu huku akitabasamu, akasema, "Mwalimu, wafundishe watoto kuvuka vizuri. Tofauti ni ndogo." Mama yake Halima, aliyekuwa ametoka Majengo kwenye biashara yake ya leso, alimwendea hadi wakakaribiana nyuso. "Ndogo? Twende nyumbani ukalione goti la mwanangu." Afisa aliingia garini. Baada ya siku chache Mwalimu Nekesa akapewa onyo kwamba anachochea wanafunzi.

Basi wazazi wakajenga matuta wenyewe. Mafundi wa jua kali walileta vifusi, akina mama wakabeba mchanga kwa karai, nasi tukashindilia kwa miguu tukiimba. Malori yakapunguza mwendo. Nilivuka barabara ile bila kukimbia, nikajiona mtu. Kisha ikasemekana mgeni mheshimiwa atapita kwenda kuzindua soko, na tingatinga likaja mapema asubuhi, likayakwangua yote ili gari lake lisirukeruke. Tulisimama langoni tukitazama. Mgeni mwenyewe hakupita.

Sasa mimi ni mama, na binti yangu anasoma shule hiyohiyo. Matuta yapo, ya lami, yamepakwa rangi nyeupe na njano. Hayakuletwa na goti la Halima, wala baiskeli, wala jasho la wazazi wetu. Yalijengwa wiki ileile lori lilipopasua ubavu wa gari la mkubwa fulani lililokuwa limeegeshwa langoni. Juzi nilikaa na Halima kibandani mwake, nikamwambia kwamba angalau yamejengwa hatimaye, watoto wanavuka salama.

"Nafurahi kwa ajili ya mtoto wako," alisema, akiunyoosha mguu wake chini ya meza. "Lakini usiniambie wakubwa walikuwa hawajui."