Kilichofuata Baada ya Ila

Kazini walimwita Mama Ila, naye hakuchukia. Aliandika programu za hospitali kwa Go, lugha ya kompyuta, na katika lugha hiyo kazi unayoituma mara nyingi hurudi na mikono miwili: mmoja umeshika jibu, wa pili umeshika kosa, kama lipo. Desturi ni kuutazama kwanza mkono wa kosa. Ukiwa mtupu, endelea. Ukiwa na kitu, simama hapo hapo, ongeza maneno ya kueleza ulikuwa unafanya nini, kisha umrudishie aliyekutuma. Wenzake aliwafundisha kwa mfano wa salamu.

"Mtu ukimuuliza habari atasema nzuri," aliwaambia. "Hiyo nzuri ni adabu tu. Subiri ila."

Baba yake, fundi cherehani, aliishi peke yake katika nyumba aliyomlelea binti yake huyo, na macho yalikuwa yakimwacha. Yalianzia pembeni, kama nguo inavyopauka. Kwanza aliacha kushona vitambaa vyeusi. Kisha akawa anamwomba jirani amtungie uzi kwenye sindano kadhaa asubuhi, azichomeke kwenye mto wake wa pini, zimtoshe hadi jioni. Binti hakuyajua hayo. Alimpigia simu kila mchana, ameibana kati ya sikio na bega, vidole viko kwenye kibodi.

"Nzuri, mwanangu," mzee alikuwa akijibu, "ila macho haya..."

"Pole, baba. Uzee huo. Nikimaliza hapa nitakupigia."

Hapo hapakumalizika. Baada ya muda mzee akaanza kuishia kwenye nzuri.

Kisha wiki moja dawa za sukari za hospitali moja ziliharibika zote ndani ya jokofu. Programu ilipaswa kuwaonyesha wauguzi jokofu limekaa dakika ngapi bila umeme, nayo ilikuwa imewaonyesha sifuri, kwa rangi ya kijani. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Mama Ila akaifungua programu mbele ya aliyeiandika, jamaa wa meza ya pili waliyemwita Kasuku kwa sababu ya mdomo wake. Mstari wenyewe ulionekana upesi. Waya wa kipimo ulikuwa umechomoka, kipimo hakikusomeka, na kosa lilirudi kama lilivyotakiwa kurudi. Lakini mahali pa kulipokea Kasuku alikuwa ameweka kistari cha chini, alama ambayo Go humpa mtu asiyetaka kupokea kitu. Kosa likatupwa. Kwenye mkono wa jibu ikabaki sifuri, ambayo lugha huiweka yenyewe pasipo na kitu.

Kasuku alijitetea kwamba mara nyingi huwa hakuna kosa. Akaongeza kwamba hata hivyo sifuri ni namba nzuri. Hakuna aliyecheka.

"Sifuri hii hakuna aliyeipima," Mama Ila alisema. "Kosa lilipiga hodi, wewe ukalifungia mlango."

Simu yake ikaita. Alikuwa baba, siku hiyo binti alikuwa amechelewa kupiga. Akaibana begani, akaamkia, akauliza habari, akajibiwa nzuri. Akasema haya baba, nikimaliza hapa nitakupigia, akakata.

Kasuku alikuwa bado anatazama skrini.

"Hukusubiri ila, dada," alisema, polepole, kama mtu anayeona haya kulisema.

Mama Ila alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga.

"Habari, baba?"

"Si umeniuliza sasa hivi? Nzuri."

Alisubiri. Katika ukimya ule akagundua kilichopungua. Tangu utotoni sauti ya baba ilikuwa na mngurumo wa cherehani nyuma yake. Sasa palikuwa kimya, na hakuweza kukumbuka kimya hicho kilianza lini.

"Mbona sisikii cherehani?"

"Nimeifunika. Vumbi."

"Baba, ulikuwa unaniambia habari za macho."

"Aa, ile." Mzee akakohoa. "Ile ilikuwa ya jicho la kushoto. Hilo limeshazima, mwanangu, lisikusumbue. Wewe rudi kazini."

Binti akakaa kwenye ngazi. Watu walimpita wakishuka, wakijibana ukutani.

"Na la kulia?"

"La kulia," mzee alisema, "nzuri."

Binti hakukata. Aliishika simu kwa mikono yote miwili, akasubiri.