Baridi Inavyoteremka

Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka upande wetu wa Siakago kusomea hewa. Wengine walikwenda ng'ambo wakarudi walimu, mmoja akarudi daktari wa mifugo. Mimi nilisomea hali ya hewa, nikajilipia karo kwa kuosha sahani katika jiko la mkahawa, na nikarudi na diploma. Sioni haya kulisema, kwa maana hakuna aliyenishika mkono.

Januari iliyofuata, nikiwa bado nangoja kuitwa kazini, nilipanda hadi Kibirichia, kule juu Meru, kumwona dada yangu mkubwa. Aliolewa huko, na mumewe alikuwa amefariki. Sisi tulikulia kwenye joto la mtama na mbuzi. Kwake watu huvaa sweta hata saa sita mchana. Nilimkuta shambani, na nilipomwona uso nilijua hakuna chai kwanza.

Shamba lake la viazi, au waru kama wanavyoviita huko, lilikuwa chini kabisa ya mteremko. Mwishoni mwake ulisimama ua wa saipresi uliobanana kama ukuta. Ua huo ulikuwa wa kaka mkubwa wa marehemu, na ng'ambo yake kulikuwa na nyasi zake za nepia hadi mtoni. Misimu miwili mfululizo viazi vya dada vilikuwa vimeunguzwa na barafu ya alfajiri, ile nyembamba ambayo vitabuni huitwa sakitu. Na yule shemeji alikuwa amekwisha kusema mbele ya wazee wa ukoo: vikiungua tena, shamba lirudi kwake alishie ng'ombe. Dada angebaki na nyumba na kiwanja cha kuku.

Sasa viazi vilikuwa vimetoa maua. Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, samawati ya kutisha, na upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ulikuwa umekufa.

"Unatafuta nini huko juu?" dada akauliza.

"Mawingu."

"Mimi nimeacha kuyatafuta. Niambie kama ni leo."

"Ni leo," nikasema.

Hakulia. Aliketi kwenye tuta, akashika shina moja la kiazi kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Nikamweleza kwa maneno rahisi, na kueleza najua. Jua halipashi hewa moto moja kwa moja. Hupasha ardhi, kisha ardhi huigawia hewa. Jua likizama, ardhi huendelea kutoa joto lake, nalo hupotea juu. Mawingu yakiwapo huwa blanketi. Kule juu hewa ni nyepesi na kavu, haizuii joto kama hewa ya kwetu chini. Basi ardhi hupoa haraka, na hewa inayoigusa hupoa nayo. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kama maji.

"Na maji yakifika kwenye ukuta?" nikamuuliza.

Alitazama ule ua. "Yanakuwa bwawa," akasema polepole. Kisha akashtuka. "Usiuguse! Ukikata tawi moja la ua ule, umenizika."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mpaka haukatwi hivi hivi, na mimi pale nilikuwa muthoni, ndugu wa mke. Muthoni hapandishi sauti kwa wakwe zake, sembuse kupandisha panga. Nikavaa koti langu, nikaenda kumwita shemeji kwa heshima.

Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye mabuti ya mpira. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Muthoni, kwa hivyo ulivuka bahari kusomea upepo?"

"Na nikapasi, mzee."

"Hewa iteremke kama maji! Umeiona wapi?"

"Njoo nikuonyeshe kabla giza halijaingia. Nikishindwa, cheka mbele ya ukoo wote."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima tulipofika juu ya mteremko. Niliwasha moto mdogo, nikaufunika kwa nyasi mbichi. Mwanzo moshi ulipanda, na shemeji akaanza kutabasamu. Niliongeza nyasi. Kisha moshi uliinama. Ulilala juu ya matuta, ukaanza kushuka taratibu, chini ya magoti yetu, ukifuata mteremko kama kundi linalojua njia ya nyumbani. Tuliufuata. Ulipofika kwenye ua ulisimama, ukajikunja, ukajaa pale pale juu ya maua ya viazi.

Shemeji aliacha kutabasamu. Aliingiza mkono ndani ya moshi ule, akautoa.

"Tukitoboa hapa," akauliza, "baridi ya huyu mama inaenda kwa nani?"

Dada alinitazama. Ningeweza kumwambia inaenda mtoni, ingekuwa nusu ya kweli.

"Inapitia kwenye nepia yako," nikasema. "Itaunguza majani."

"Aaa! Kumbe ndiyo maana umenivalia koti!"

"Mzee," dada akasema kabla sijafungua mdomo, "nepia ikiungua inachipuka kwa mizizi. Waru ikiungua sasa, msimu umekwisha. Ng'ombe zako zitakula mabua yangu ya mahindi mpaka nepia irudi. Yote."

"Na waru ikiungua hata hivyo?"

"Chukua shamba. Nitasema mwenyewe mbele ya wazee, hutahitaji kuniita."

Nilimvuta kidogo. Hewa si saa ya ukutani. Tundu lingesaidia, lakini kiasi gani, hata mwalimu wangu asingethubutu kuapa. Dada aliuondoa mkono wangu.

Shemeji alikwenda akarudi na panga. Alikata mwenyewe, maana ua ni wake. Akaangusha matawi hadi chini, upana wa mlango wa zizi, katikati ya bonde. Hakutaka kusaidiwa. Mimi nilitazama moshi. Ulisitasita, kisha ukaanza kupita.

Alfajiri tulikutana pale pale watatu. Nyasi za kando ya njia zilikuwa nyeupe na zilivunjika chini ya viatu. Majani ya viazi yalikuwa na maji, lakini hilo halikutuambia kitu: jani lililopigwa na barafu hujionyesha likiguswa na jua, ndipo hulegea na kuwa jeusi. Ikabidi tungoje. Jua lilishika kilele cha mteremko kwanza, likateremka tuta kwa tuta. Dada alikuwa ameficha mikono kwapani. Shemeji alisafisha koo mara nyingi. Nami, mwenye diploma, niliomba kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Mwanga ulifika bondeni. Tukaendelea kusimama. Kwenye kona moja, pale ua ulipokuwa bado umefunga, majani yalianza kusinyaa, yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Dada alitoa sauti ndogo. Tulisubiri weusi ule usambae. Ulikula matuta ya kona, ukakoma. Kwingine kote majani yalikauka umande, yakabaki kijani, maua yakafunguka.

Ng'ambo ya tundu, nepia ilikuwa imelala, imepauka. Shemeji aliingia katikati yake, akang'oa jani moja, akarudi nalo.

"Sasa muthoni, ng'ombe wangu watakula diploma?"

"Mabua yapo kule juu, nyuma ya jiko," dada akajibu. "Lete mkokoteni."

Mzee hakuondoka. Alipita kati ya matuta akiinama hapa na pale, akigusa majani kwa ncha ya fimbo. Alifika mwisho, akageuka.

"Haya magugu ya huku chini uyatoe, mama. Yatakunyima waru kubwa."

Dada alijibu, "Nimesikia, mzee." Alingoja hadi yule mzee alipotokea upande wa pili wa ua, kisha akanirushia jembe miguuni.

"Umesikia? Vua koti."