Kuku wa Hitima ya Baba

Watu walikuwa wakipita mabanda matatu ya kuku pale soko la Nakasero ili wafike kwangu. Si kwamba kuku wangu walinona. Marehemu baba alikuwa askari polisi, na kwenye nyumba za polisi Nsambya yeye ndiye aliyewachinjia Waislamu wote. Wakaamini nimerithi kisu pamoja na imani, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi moja kuku sita walinifia kwenye tenga kwa joto. Mnunuzi wa hoteli, mteja wangu mkubwa, alikuwa njiani. Wazima walikuwapo, wangetosha, lakini nani anapenda hasara? Kuku aliyejifia ni kibudu, ni haramu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikawaelekeza kibla, nikasema bismillahi juu ya mizoga, nikakata. Damu haikuruka. Nikawanyonyoa, nikawachanganya na halali kwenye beseni moja, na kuku akishanyonyolewa hata mimi sijui yupi ni yupi.

Mnunuzi akiwa anakagua, mama akatokea na kikapu. Jioni ile tulikuwa na hitima ya baba.

"Nipe wawili, mwanangu."

"Ngoja nikuchinjie wengine, Mama."

"Wa nini? Hawa si umewachinja wewe?"

Mnunuzi akaniangalia. Neno moja tu, na hoteli ingehama, na soko zima lingejua. Nikamsogezea mama beseni. Mama akachagua wawili kwa mkono wake, akaenda zake.

Jioni shehe aliomba dua, watu wakala pilau, wakamsifu mama. Mimi nilisingizia tumbo. Wageni walipoondoka, mama akanifunulia sahani: alikuwa ameniwekea paja.

"Kula, baba. Nyama nyingine huwa nala na wasiwasi, lakini hii imepita mkononi mwako."

Nikala mbele yake, nikamaliza. Nilimwogopa mama kuliko nilivyomwogopa Mungu, na aibu hiyo haijaniacha.

Siku hizi nauza vitunguu. Sikuweza tena kushika kisu na kutaja jina la Mungu kwa mdomo ule ule. Mama nilimdanganya kwamba kifundo cha mkono kinaniuma. Basi kila Ijumaa ananiketisha, ananikanda kwa mafuta ya habasoda, na anamwomba Mungu auponye mkono wangu, nirudi kuwachinjia watu.