Laptopu ya Tundu Moja na Picha za Shantel

Saa mbili asubuhi mjini Rongai, na tayari foleni imefika nje ya kibanda cha uchapaji cha Chepngeno. Anachomoa kipanya, anachomeka flashi. Anachomoa flashi, anachomeka printa. Laptopu yake kuukuu ilikuwa na matundu matatu ya USB. Mawili yamekufa, na waya ukiingia kwenye lililobaki sharti aukaze kwa raba.

"Kile kidude cha kugawa tundu nilinunua," anasema. "Ukikiweka, printa haionekani kabisa. Hii mashine imezeeka, inataka kitu kimoja kwa wakati."

Chepngeno, 43, ni mjane, mama wa Kiptum. Siku njema hupata shilingi mia sita, nyingi zikitokana na programu za mazishi, maana kibanda kiko njia ya kwenda mochari. Huku kwetu, kumzika mtu bila kijitabu chenye picha yake ni kama kumfukia tu.

Mwezi Machi alikuja Anyango, muuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Bintiye Shantel alikuwa amefariki katika ajali Mai Mahiu, na simu ya msichana ikapotelea barabarani. Simu ya Anyango ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, haina kamera. Picha zote za Shantel zilikuwa kwenye flashi aliyomletea mamake Krismasi.

"Shantel alipotokea kwa skrini, mathe wake akamwita jina," Chepngeno anasimulia. "Nikalia. Na huko nje watu wananiambia niharakishe."

Haraka haraka haina baraka. Msemo huo tumeuimba tangu darasa la kwanza, lakini nani huukumbuka wateja wakifoka mlangoni? Laptopu ilikuwa imejaa, kwa hiyo alikuwa akihifadhi kazi kwenye flashi yenyewe. Taa yake ikiwa bado inawakawaka, akaichomoa ili achomeke printa. Mashine ikaganda. Alipoizima na kuiwasha, flashi haikusomeka tena.

Aliipeleka kwa mafundi wawili Nakuru. Wote walitikisa kichwa. Shantel alizikwa kwa kijitabu chenye jina, tarehe na mraba mtupu. Chepngeno alitaka kuujaza kwa ua, Anyango akakataa katakata.

"Ua si mtoto wangu," alimwambia.

Chepngeno hakuficha kitu. "Nilimwambia ni mimi nimeharibu, si virusi. Heri angenitukana! Alisema tu, 'Pole zimetosha, mama Kiptum. Nitafutie.'"

Tangu hapo anatafuta picha nyingine ya Shantel, shuleni, kanisani, kwa majirani. Wapi! Siku hizi amefuta kazi za zamani kupata nafasi, na hunakili kila kitu kwenye laptopu kwanza na kungoja taa izime. Wateja wananung'unika, na wengine wamehamia kwa jirani mwenye mashine mpya.

Jumapili hii atabeba laptopu hadi Gilgil, kwa Waithera aliyeimba kwaya na Shantel. Simu ya zamani ya Waithera imepasuka kioo, lakini ikiunganishwa kwa waya huenda ikafunguka. Waithera anakumbuka picha moja tu: Shantel ameketi safu ya mbele, ameipa kamera mgongo.

Chepngeno alisita kumwambia Anyango, maana uso hauonekani. Juzi alijikaza, akamfuata sokoni. Anyango aliacha kupima omena.

"Hata ikiwa ni kisogo tu, niletee," alisema. "Hizo nywele nilizisuka mimi."