Bastola ya Mkono wa Mzee Wambura

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kijivu na viatu vyenye kisigino, kwa sababu barua iliniita karani. Nilitoka kwetu Busawe juu ya lori la mahindi, nikashuka Mugumu, na pale nikachukuliwa na gari la kituo cha askari wa wanyamapori. Njia nzima niliiwazia mashine ya kuchapa. Mkuu wa Kituo aliisoma barua yangu, akaviangalia viatu, akasema, "Karani wa masjala tunaye. Wewe utakuwa kwenye ghala la silaha. Nenda kwa Mzee Wambura."

Ghala lilikuwa chumba cha mawe chenye mlango wa chuma na dirisha dogo la nondo. Mzee Wambura, ambaye cheo chake kilikuwa Mtunza Ghala, alikuwa mezani anafuta bastola kwa kitambaa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaisogeza ile bastola upande wangu.

"Ichukue."

Nikaichukua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kichanga.

"Ina risasi au haina?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, na umeishika. Irudishe. Toka nje, uingie upya, tuanze kama hatujaonana."

Asubuhi ile nilitoka na kuingia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika somo: mdomo wa bastola unaelekea kwenye ndoo ya mchanga iliyo kando ya meza, unaitoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, halafu unavuta nyuma chuma cha juu na kuchungulia ndani kwa jicho, kisha kwa ncha ya kidole, maana jicho lililochoka huona linachotaka. Baada ya hapo ndipo aliponiambia ninyooshe kiganja. Akakipima kwa vidole vyake, kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha shahada.

"Mkono wa kukamua ng'ombe," akasema. "Vidole vifupi, nguvu ipo. Tutaona."

Mimi nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa ameanza kazi.

Vijana wanaoingia siku hizi huniuliza askari wa pori anataka bastola ya nini wakati begani ana bunduki. Ninawaambia waende wakategue mitego ya nyaya kwenye vichaka vya kando ya mito, mahali ambapo unatambaa kwa magoti na bunduki inanasa kila tawi. Humo unaweza kumkuta mbogo amefungwa mguu tangu juzi, ana hasira na maumivu, na waya umebaki uzi mmoja. Huna nafasi ya kugeuza bunduki. Ndiyo sababu kituo chetu kilikuwa na bastola chache za risasi nene, nene kama ncha ya kidole changu kidogo. Hata hiyo haikuhakikishii kumwangusha mbogo. Ni ya nafasi ya mwisho, na kwenye nafasi ya mwisho hutaki silaha inayogombana na mkono wako.

Risasi nene ina gharama zake. Inataka mpini mpana wa kuibeba, na inapiga teke. Kila askari aliyekuja kuchukua bastola alitaka ile kubwa kuliko zote, na kila mmoja Mzee Wambura alimketisha kwanza. Alimpa bastola tupu, akamwambia aishike mpini ukikaa juu kabisa, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, hadi mtutu na mfupa wa mkono viwe mstari mmoja. Kisha alitazama kidole. Ikiwa kinafika kwenye kifyatulio kwa ile nyama ya ncha, vizuri. Ikiwa askari analazimika kuizungusha bastola kiganjani ili kidole kifike, basi hata awe na kifua cha namna gani, hiyo si yake, kwa sababu teke litaangukia kwenye mfupa wa kidole gumba na risasi itakwenda pembeni.

Halafu alimwambia afumbe macho, ainue bastola kuelekea ukutani, afumbue. Kama alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele, zimekaa pamoja bila kutafutwa, mkono na mpini vimeelewana. Mwisho aliweka sarafu juu ya mtutu na kumwambia afyatue, bastola ikiwa tupu bado. Sarafu ikianguka, unarudi kesho.

Nilimwona akimrudisha askari mmoja aitwaye Chacha siku nne mfululizo. Chacha alikuwa mrefu, mabega kama mlango, lakini Mungu alimpa viganja vidogo kama vya mwanafunzi. Siku ya tano alikwenda kwa Mkuu wa Kituo kulalamika, akarudi na kikaratasi cha amri kwamba apewe anayoitaka. Mzee Wambura alikisoma, akampa.

"Mura," akamwambia, kama wanavyoitana vijana wa huku, "mimi nimekataa na karatasi imekubali. Utaibeba karatasi."

Wiki hiyohiyo, kwenye uwanja wa shabaha, Chacha alivuta kifyatulio na bastola ikageuka mkononi. Risasi ilipita kwenye buti la mwenzake, kati ya soli na kidole, bila kugusa nyama. Mwenzake alikaa chini, akalivua lile buti, akalitazama tundu, akaanza kucheka bila kuacha mpaka tukamletea maji. Chacha alirudi ghalani mwenyewe na kunyoosha kiganja. Mzee hakumwambia neno la kumsuta. Alimpa bastola yenye mpini mwembamba, na Chacha alikuwa nayo kwa miaka mingi.

Mimi nilijifunza pole pole, kisha nikahamishwa. Ofisa wa Wilaya kule Tarime alitaka mtu wa kukagua silaha za askari wanaolinda vijiji dhidi ya tembo, na baadaye walinzi wa sehemu nyingine nao wakaletwa kwangu. Sirari nilikuta walinzi wa maghala wanaongea Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. "Madam, hii iko sawa tu, usistress," ananiambia mtu huku kidole chake hakifiki kwenye kifyatulio. Matongo nilipanda bodaboda na sanduku la vifaa mapajani, nikamkuta mlinzi mzee aliyefunga mpini kwa mpira wa baiskeli ili ujae kiganjani. Yule hakuhitaji ukaguzi wangu. Nilikaa chini, nikamwomba anionyeshe alivyoufunga.

Miaka ikaenda. Nikarudishwa Serengeti, kituo kilekile, safari hii Mtunza Ghala nikiwa mimi. Mzee Wambura alikuwa ameomba mwenyewe kutoka ghalani na kuongoza doria ya kutegua mitego, kwa kuwa alisema amechoka kukaa chumbani na mafuta ya bunduki. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alibeba rivolva kubwa, ile yenye gurudumu la risasi sita, ambayo hakuna mwingine kituoni aliyeipenda kwa uzito wake.

Kila mwaka mwenye bastola hupimwa, na sahihi ni ya Mtunza Ghala. Wiki ya vipimo Mkuu wa Kituo, huyu alikuwa mwingine, kijana kwangu, aliniita ofisini.

"Mama Ghati, yule mzee mpitishe tu. Mwaka mmoja huo. Utamwaibisha mtu aliyekufundisha?"

Nilikwenda uwanjani.

Mzee Wambura alipiga risasi tatu, zote ndani ya duara. Vijana wake wawili wa doria wakampigia makofi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa mkono wake, na nikaona. Kabla ya kila risasi aliizungusha rivolva kiganjani, kidogo sana, ili kidole kifike. Kifundo cha kidole gumba kilikuwa kimevimba kama kitunguu. Ilikuwa baridi yabisi. Risasi ya nne ilipotoka uso wake ulikunjamana, na rivolva ikashuka. Aliidaka kwa mkono wa kushoto na kujifanya ameishusha mwenyewe. Za tano na sita hakuzipiga. Akasema jua linamwingia machoni.

Jua lilikuwa nyuma yetu.

Nilimfuata hadi kwenye bomba alikokuwa ananawa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, siwezi kutia sahihi."

Aliendelea kunawa. "Kwa nini?"

"Unaizungusha."

"Mimi ndiye niliyekuonyesha kusoma mkono wa mtu. Leo unanisoma mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukiwa na sketi yako ya ukarani ulikuja hapa," akasema, "nikakutoa kwenye ukarani." Akafunga bomba, akaondoka bila kujifuta.

Nilirudi ghalani nikafunga mlango, nikalia. Nilijua ninachofanya, lakini pia niliwajua wale vijana wawili wanaotambaa nyuma yake vichakani. Mmoja alikuwa na mke mjamzito. Nikaandika kwenye fomu: *Silaha haimfai mshikaji.* Sikuandika kwamba mshikaji hafai. Nilikaa kuitazama ile sentensi, na hapo ndipo nilipopata la kufanya.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na bastola ya zamani iliyowekwa kando kwa sababu springi yake ilikuwa imechoka. Risasi zake zilikuwa nene sawasawa na za rivolva, lakini zote saba zilipangwa mstari mmoja ndani ya magazini, kwa hiyo mpini wake ulikuwa mwembamba. Kifyatulio chake kilikuwa kifupi na chepesi. Na chuma cha juu kinaporudi nyuma, springi hula sehemu ya teke kabla halijafika mkononi. Niliandika barua ya kuomba springi mpya. Ilipofika niliifunga mwenyewe. Mbao za ubavuni nilizipeleka kwa seremala wa Mugumu azipunguze, nikasimama karibu yake kumwambia "bado kidogo" mpaka akaniuliza kama ninamtengenezea mume wangu. Nilimwambia ni ya mtu ambaye haitikii salamu yangu.

Kwa sababu hata kuniitikia shikamoo alikuwa ameacha. Alikwenda doria na fimbo, nyuma ya vijana wake badala ya mbele, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa adhabu kubwa.

Siku moja saa ya chai nilimpelekea ile bastola, nikaiweka mezani mbele yake, tupu, magazini pembeni.

"Sitaki kibastola cha maofisa," akasema.

"Pima risasi yake kwanza, mzee."

Alichukua risasi moja, akaipima kwa vidole vyake, ambavyo bado viliikumbuka ile ya rivolva: unene ni uleule. Kisha akakagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho, kwa kidole, akaishika, akafumba macho, akaiinua kuelekea ukutani. Alipofumbua alibaki hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama kidole cha shahada. Kilikuwa kimelala juu ya kifyatulio kwa nyama ya ncha, na mfupa wa mkono na mtutu vilikuwa mstari mmoja.

"Nani amepunguza mbao?"

"Seremala wa Mugumu. Mimi nilimsimamia."

"Upande wa kushoto amebakiza nene."

"Nitamrudishia, mzee."

"Usimrudishie. Lete msasa."

Tatizo lilibaki moja: kuvuta chuma cha juu kwa vidole viwili kulimuumiza. Nilimwonyesha kukikamata kwa kiganja kizima kutoka juu na kusukuma mpini mbele kwa mkono wa pili, kama nilivyowafundisha walinzi wanawake kule Tarime. Alijaribu mara moja, akaguna. Mara ya pili akasema, "Hili sikukufundisha mimi."

"Hapana, mzee."

"Ni zuri."

Alipigishwa tena shabaha mbele ya Mkuu wa Kituo. Safari hii nilihesabu risasi zote saba, na mkono haukuhama. Nikatia sahihi.

Mtasubiri niwaambie kwamba mwaka ule alimwangusha mbogo akaokoa watu. Hakumwangusha mbogo yeyote. Alitegua mitego, akatembea mbele ya vijana wake, na siku ya kustaafu aliirudisha bastola mezani kwangu na risasi saba zilezile nilizomkabidhi, safi, zimefutwa mafuta. Katika kazi yetu hakuna ripoti nzuri kuliko hiyo.

Sasa na mimi nimestaafu. Nimerudi Busawe, nalima mihogo na mtama, na mara mojamoja askari wapya hupitia kwangu wakienda doria. Huja na maswali ya chapa, ipi ni kali, ipi ni ya kisasa. Mimi naomba kwanza kuona kiganja. Wengine hucheka, wengine hunyoosha. Ninachojutia katika kazi yangu ni watu niliowapitisha kwa haraka kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Hakuna aliyeumia, lakini nyuso zao bado nazikumbuka. Wale niliowakataa wengi wao hunipigia simu sikukuu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Mzee Wambura. Vidole vyake sasa havifungi vizuri. Mkewe humshikia kikombe. Tuliongea ya mvua, ya wajukuu, ya Chacha ambaye amekuwa mwinjilisti. Halafu akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa limemkaa moyoni siku zote hizo.

"Ghati. Ile bastola nyembamba nayo ingenishinda, ungefanyaje?"

"Ningeandika hapana, mzee."

"Hata mara ya pili?"

"Hata mara ya pili."

Akageuka na kuita jikoni, "Mama Nyangi! Huyu binti leo haendi popote. Chinja jogoo."

Mkewe akauliza jogoo yupi.

"Yule mkubwa," akasema.