Plasta Niliyoinyima Maji

Nilikuwa kwenye kaunta ya duka la saruji hapa mtaani Tudor, mtoto mgongoni, na mavyaa, mamake mume wangu, akimkaripia fundi mbele ya wateja.

"Jiko la uani tumelijenga wenyewe, wewe tukakuachia plasta tu! Sasa yabanduka kama ganda la yai. Fundi gani wewe?"

Kumbe fundi aliniagiza mimi niumwagilie ule ukuta maji asubuhi na jioni, siku saba, ili plasta ishike. Mfereji ulikuwa mkavu, maji ya mkokoteni nikafulia nepi, na kila mavyaa akiniuliza, "Umemwagilia?" nikajibu, "Nimemwagilia, mama." Siku zote saba!

Fundi akanitazama. Nikajifanya namfunga mtoto leso. Angesema neno moja tu, ningerudishwa kwetu.

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Mchanga ulikuwa na chumvi, mama. Kosa langu. Nitapiga upya."

"Wasikia?" mavyaa akanigeukia. "Mtu mzima hukubali kosa lake."

Nikaitikia kwa kichwa. Plasta mpya naimwagilia hata kwa maji ya kunywa, lakini fundi yule sijaweza kumtazama usoni. Ndiyo maana naandika hapa: mavyaa hulisoma gazeti hili, na huanzia ukurasa huu.