Vidole vya Paka wa Mama

Dada yangu alipohamia kwetu Hallunda, Uswidi, kutoka Marekani, alikuja na masanduku mawili na paka jike wa kijivu, mzee, mwenye hasira. Paka alikuwa wa mama yetu. Mama alikuwa amefariki huko nyumbani kwa dada miezi michache kabla, na dada hakuwa na moyo wa kumwacha mnyama wake.

Tangu wiki ya kwanza paka yule alikojoa kila mahali isipokuwa kwenye kisanduku chake cha mchanga: zulia la sebuleni, viatu vya mume wangu, kitanda cha binti yangu. Ukijaribu kumwondoa, anauma. Nilimwita jeuri. Mara mbili nilimpiga kwa kandambili, sitaficha.

Binti yangu wa miaka kumi na minne ndiye aliyegundua. Alimshika mguu wa mbele, akautazama sana, akaniambia kwa Kiswidi kwamba paka hana makucha. Dada akauliza mtoto amesema nini. Nikamfasiria.

"Ndiyo, niliyatoa," dada akajibu huku akimenya viazi. "Mama alikuwa anameza dawa za kuzuia damu isigande. Mkwaruzo mmoja tu ulilowesha taulo zima. Daktari wa kule akaniambia ni jambo dogo."

"Hapa ni marufuku," binti yangu akasema, safari hii kwa Kiswahili, ili mama yake mkubwa asikie.

"Kwa hiyo bibi yako ningemwacha atokwe damu?"

Mtoto akaondoka mezani.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, mimi nikiwa mkalimani. Daktari alimpiga paka picha za eksirei, akageuza kompyuta tuone. Alieleza polepole. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa. Kuutoa ni kukata kiungo cha mwisho cha kila kidole. Akatuonyesha vipande vya mfupa vilivyosahaulika ndani, vimechomoza chini ya ngozi. Kila akikanyaga mchanga, ni kama anakanyaga miiba.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku alipokatwa."

Ilinipasa kumfasiria dada. Nilianza kupunguza makali, nikasema paka ana maumivu kidogo ya viungo. Lakini dada alikuwa ameiona picha. "Sema yote," akaniambia. Nikasema yote.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita alikuwa anamrukia mama magotini kwa miguu hiyo."

Vipande vile vingeweza kutolewa, ila figo za paka zilikuwa zimechoka. Asingeamka kutoka kwenye usingizi wa dawa. Hata dawa za maumivu zingemmaliza. Daktari akashauri sindano ya mwisho.

"Mwambie nilikuwa na mama mgonjwa," dada akanisihi. "Mwambie, tafadhali."

Nikamwambia. Daktari aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu, wala hakumwambia kwamba hakukosea. Dada alimshika paka mwenyewe mpaka mwisho, na paka alimuuma kidole kabla hajalegea.

Kwenye treni ya kurudi dada aliniuliza, "Ningefanya nini?" Nilijua majibu. Angeweza kumkata ncha za makucha kila wiki. Angemfunika mama miguu kwa blanketi zito. Angempa paka mtu mwingine, na mama angelia, basi. Hakuna aliyemwambia hayo wakati ule, na kumwambia sasa kungekuwa ukatili wangu mimi. Nikanyamaza, naye akaelewa kunyamaza kwangu vibaya, au vizuri mno.

Sasa anaishi Tumba, mji wa jirani, peke yake. Huja kwetu Jumapili baada ya ibada. Binti yangu humsalimu kwa Kiswidi, kisha huingia chumbani kwake na kufunga mlango. Siku moja nilisimama ili nikamtoe, dada akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Mimi pia nisingekaa na mimi."

Tukakaa hapo, na chakula kikapoa.